Swali Ambalo Sikumuuliza Riziki

Msimamizi wa zahanati ameniomba niwaandikie kurasa chache, nyinyi wauguzi wapya, juu ya miaka thelathini na miwili niliyoitumia kupima watu presha huku Likoni. Nadhani alitaka niwatie moyo. Yapo ya kuchekesha na nitayasema, maana kazi hii bila kicheko humla mtu. Lakini niliposhika kalamu, jina lililonijia kwanza ni la Riziki, na Riziki alikufa akiwa na miaka arobaini na mitatu kwa sababu kuna swali moja sikumuuliza. Nitazunguka kidogo kabla ya kufika hapo, mnivumilie. Jambo hili sijawahi kuliandika.

Mimi naitwa Mishi, mzaliwa wa Mtongwe, kwa watu wa minazi na mihogo waliokuwako kabla mashamba hayajageuka nyumba za kupangisha. Nilianza kazi zama za mashine ya zebaki, ile ya kisanduku kizito. Ilikuwa lazima utie vifaa masikioni, upulize mkanda kwa mkono, kisha usikilize damu ikirudi mkononi mwa mtu. Siku hizi mnabonyeza kitufe mkaenda kuandika mambo mengine huku mashine ikinguruma. Siwalaumu. Ningekuwa na umri wenu ningebonyeza pia.

Aliyenifundisha kazi ni Sista Ndinda, Mkamba aliyeshuka pwani kufuata ajira akakaa mpaka akastaafu. Alikuwa mfupi, mnene, na sauti yake ilivuka ukuta. Kila alipopima presha alishika pia kifundo cha mkono wa mgonjwa kwa dakika nzima, macho kwenye saa, akihesabu mapigo na kusikiliza kama yanakwenda sawa au yanarukaruka. Sisi vijana tulimwona anapoteza muda. Foleni ilifika nje mpaka kwa muuza mihogo, naye bado ameshika mkono wa bibi mmoja kama anayemposa.

Kulikuwa na mama mmoja, mpishi katika hoteli ya Shanzu, ambaye presha yake ilikuwa juu kila alipokuja. Nikamwandikia arudi kwa daktari aongezewe dawa. Sista Ndinda akachukua kadi, akamtazama yule mama, akamuuliza amefikaje. Mama akasema ameshuka kwenye feri mbio ili awahi namba ya mbele, na kikapu kichwani. Sista akamkalisha kwenye benchi, miguu sakafuni, akamkataza kuzungumza. Kwa yule mama kukatazwa kuzungumza ilikuwa adhabu kubwa kuliko sindano. Baada ya robo saa presha ilikuwa nzuri kabisa. "Ulitaka kumpatia dawa ya feri," Sista akaniambia, na tangu siku hiyo pale kazini tukawa na ugonjwa wetu unaoitwa presha ya feri.

Basi huyo Sista Ndinda alikuwa na jambo moja lililonichoma. Kila mwanamke aliyekaa mbele yake, msichana au ajuza, alimuuliza hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini. Alimuuliza hivyo hivyo kwa sauti yake ile. Mara moja alimuuliza bibi wa miaka sabini na zaidi, mke wa imamu, na bibi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. "Mwanangu, hiyo imenikimbia zamani," akasema. Sista hakucheka. "Zamani lini, mama? Ulikuwa na miaka mingapi? Na ilikwisha yenyewe au ulipasuliwa?" Bibi akafikiri, akamjibu, na Sista akaandika.

Nilimwona hana adabu. Nilisema moyoni kwamba hawa wa bara hawajui kuzungumza na watu, na kwamba mimi niliyezaliwa hapa najua lipi la kuuliza na lipi la kuacha. Nikajifanyia desturi yangu mwenyewe. Mwanamke akiwa na mkwewe, au wifi, au mtu yeyote wa upande wa mume, sehemu ile ya kadi naijaza mwenyewe kwa kumkadiria umri. Wateja walinipenda, wakisema Sista Mishi ana stara. Niliifurahia sifa hiyo miaka mingi na leo inanikera kuisikia.

Na kuna desturi ya pili, nayo niiseme kabla sijaingia kwa Riziki. Chumba chetu cha kupimia hakikuwa na pazia, na wanaume walisubiri mlangoni. Mwanamke amevaa buibui na chini yake gauni la mikono mirefu, utamwambia avue mbele ya watu? Tulifunga mkanda juu ya nguo. Sote tulijua nguo huweza kuipandisha namba, kwa hiyo tulijifunza kupunguza. Mkono wa buibui jepesi, unapunguza kidogo. Buibui na gauni, unapunguza zaidi. Hakuna aliyetufundisha kipimo cha kupunguza, kila mmoja alikuwa na chake, na tuliandika namba hizo za kubuni kwa wino mweusi kana kwamba mashine ndiyo iliyosema.

Riziki alikuwa jirani yangu, nyumba ya tatu. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa bandarini, akaugua ini, akafariki. Riziki akaingia eda, miezi minne na siku kumi, akakaa ndani kwa mama mkwe wake, Bi Mwanajuma. Wasiojua eda wajue kwamba ni mjane kutulia nyumbani bila mapambo wala manukato wala kutoka pasi na dharura. Kutibiwa ni dharura. Sheikh yeyote ungemuuliza angekwambia mgonjwa apelekwe hospitali. Nasema hivi ili msije mkaitwika eda kosa lililokuwa langu.

Wiki ya tatu Bi Mwanajuma alinitumia mtu nipite nikitoka kazini. Nikaenda na mashine yangu ndogo kwenye mkoba. Nilimkuta Riziki amekaa kwenye jamvi, uso umelowa jasho na feni inazunguka juu yake, na mama mkwe yuko pembeni anachambua mchele.

"Dada Mishi, moyo wanipiga mbio," akaniambia. "Hata nimekaa tu, hata sifikirii kitu. Mara joto lanipanda kutoka kifuani mpaka usoni, kisha natetemeka. Usingizi sipati wallahi."

"Lilianza lini?"

"Si leo, tangu kabla ya msiba. Lakini sasa lazidi."

Hapo ndipo nilipotakiwa kuuliza. Nyinyi mliosoma karibuni nadhani mmeshalijua swali lenyewe. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, joto la ghafla, jasho, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi, na hali yenyewe imeanza kabla ya msiba. Lakini fikirini nilivyofikiri mimi. Mjane yuko kwenye eda, mumewe hana mwezi kaburini, na mama wa marehemu amekaa hapo. Nikimuuliza mjane hedhi yake iko vipi, nitakuwa nimeuliza kama ana mimba. Eda ya mwenye mimba ni mpaka ajifungue, na mirathi nayo hubadilika. Nyumba nzima ingeanza kuhesabu. Nikaona heri ninyamaze. Nikafunga mkanda juu ya mkono wa gauni lake, na mle ndani hamkuwa na mwanamume hata mmoja. Ilikuwa mazoea tu.

Mashine ikatoa mia moja sitini na mbili kwa mia moja na mbili. Nikapunguza nguo, nikapunguza na huzuni, kwa maana nilijiambia aliyefiwa presha lazima ipande kidogo. Kwenye kadi nikaandika mia na arobaini kwa tisini. Penye hedhi nikaandika "kawaida."

"Ni msiba huo, mdogo wangu," nikamwambia. "Moyo umeshtuka. Punguza chumvi, kunywa maji, leta dhikri. Ukimaliza eda tutakwenda kwa daktari kwa utulivu."

Akasema inshallah. Alinishukuru, na Bi Mwanajuma akanipa mchele kidogo niende nao.

Ukweli ni kwamba Riziki alikuwa ametolewa kizazi miaka miwili kabla, kwa sababu ya uvimbe uliokuwa ukimtoa damu nyingi, na katika upasuaji huo walimtoa ovari zote mbili. Alikuwa amefanyiwa hospitalini Malindi, anakoishi dada yake, na mtaani ilisemwa kwamba amekwenda kupumzika. Mimi sikujua.

Aliyenieleza maana yake ni daktari Nafula, kijana kutoka Bungoma aliyekuwa ameletwa kwetu mwaka huo. Nilimwendea wiki moja baada ya maziko, nikafunga mlango, nikamwambia yote. Hakunigombeza. Alichukua karatasi akachora shingo na moyo.

"Sista, hii kitu si ya mawazo peke yake," akaanza. Akanionyesha kwamba kwenye mishipa mikubwa ya shingoni kuna vihisio vidogo. Ukisimama ghafla damu hushukia miguuni, vihisio vinapeleka habari kwenye shina la ubongo, nalo linaamuru moyo uongeze mwendo na mishipa ijibane ili usianguke. Presha ikizidi, vihisio hivyo hivyo vinaomba utulivu na moyo unapunguza. Kazi hiyo inafanywa na neva za aina mbili, za kuharakisha na za kutuliza, nazo zinavutana mchana kutwa bila sisi kujua.

Ninachokumbuka zaidi ni aliposema kwamba estrojeni, ile homoni ya kike tuliyozoea kuitaja kwenye habari za uzazi tu, inafika mpaka kwenye ubongo, kwenye vituo vinavyoendesha neva hizo. Inazipa nguvu zile za kutuliza, inazizuia zile za kuharakisha zisizidi, inavifanya vihisio vya shingoni visikie upesi, na kwenye mishipa yenyewe inasaidia kuta zilegee. Nikamwambia basi ni kama yule mtu mmoja nyumbani ambaye akiwepo watoto hawapigani. Daktari akasema ndiyo, na akiondoka hakuna anayejua ni nini hasa kimebadilika, ila kelele zinaanza.

Mwanamke anayefikia ukomo wa hedhi kwa umri, homoni hiyo humwondoka kwa miaka, na mwili hupata nafasi ya kujipanga, ingawa wengi presha huwapanda hata hivyo. Anayetolewa ovari kwa kisu, humwondoka kwa siku chache. Neva za kuharakisha zinabaki na nguvu zake zote na mwenye kuzituliza hayupo. Daktari Nafula alinionya nisiseme kwamba hilo peke yake ndilo lililomuua Riziki, maana presha ina sababu nyingi, na baba yake Riziki naye alipooza. Hata kuhusu kumrudishia mtu homoni kwa vidonge, alisema wanaofaa wapo na wasiofaa wapo, na ni kazi ya daktari kuamua, si ya duka la dawa. Lakini tungelijua, angepimwa kama mtu aliye hatarini. Angekuwa amepata dawa ya presha tangu wiki ya tatu.

Nilimuuliza kwa nini shuleni kwetu hatukufundishwa haya. Akasema hata kwao yalipitiwa haraka haraka. Nilitoka mle chumbani na hasira, na sikujua ya kumwelekezea nani.

Nirudi nyuma. Nilikwenda kwa Riziki mara ya pili baada ya mwezi. Sasa alikuwa akipata kizunguzungu kila akiinuka kutoka sijida, mpaka alikuwa akiswali amekaa. Sista Ndinda angemlaza, akampima, akamsimamisha, akampima tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu, kidole kikiwa kwenye kifundo. Hivyo ndivyo unavyoona kama zile neva na vihisio vinaelewana. Nimewafundisha wengi kufanya hivyo tangu wakati huo. Siku ile nilimpima amekaa, juu ya nguo, nikamwambia hali ni nzuri.

Mara ya tatu ndiyo inayonisumbua. Bi Mwanajuma alikuwa jikoni, tulikuwa wawili tu. Riziki akanisogelea, akashusha sauti.

"Dada Mishi, kuna jambo sijakwambia."

Nami badala ya kumtazama yeye, niligeuza shingo nikautazama mlango wa jikoni. Ni kitu cha nukta moja. Nilikuwa nikihakikisha hakuna anayesikia, wallahi, nilikuwa nikimlinda. Lakini yeye aliona nimetazama, akadhani namwonya. Akarudi nyuma akajifunga leso vizuri.

"Si kitu," akasema. "Siku nyingine."

Nami nikaliacha. Nilipaswa kusema, sema sasa hivi. Nilimshika bega, nikafunga mkoba wangu, nikaenda kufuata gari la kwenda kazini.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa eda yake iishe. Asubuhi, kama saa nne, alikuwa akikunja nguo, akasema kichwa kinampasuka, kisha mdomo ukaenda upande. Walinipigia simu nikiwa zahanati. Nilipofika walikuwa wameshamtia kwenye tuktuk, kichwa chake kiko mapajani mwa Bi Mwanajuma. Nilipanda mbele. Nilimvuta ule mkono wa gauni mpaka juu ya bega, nikampima kwenye ngozi kwa mara ya kwanza, na namba niliyoiona sikuipunguza. Alikata roho kabla hatujafika hospitali.

Sasa mnajua kwa nini nawaudhi na maneno yale yale kila nikiwatembelea. Mkono mtupu. Hakuna pazia, shona pazia. Mimi nilishona letu kwa leso mbili na kamba ya kuanikia, na likakaa miaka. Andikeni kilichosemwa na mashine hata kama hamkiamini, kisha mpime tena. Na swali la hedhi muulizeni kila mwanamke, mkiwa wawili na yeye, lini ilikwisha na ilikwishaje. Mkiona haya, oneni haya huku mnauliza. Na akija mwanamke anayesema moyo unamwenda mbio, au amechoka bila sababu, au taya linamuuma, msimpe pole ya msiba wala ya ndoa kabla hamjampima sawasawa. Nimewaona wengine wenu mkiandika "mawazo" kwenye kadi kwa wepesi uleule nilioandika nao mimi "kawaida".

Tulimwosha Riziki adhuhuri, mimi, Bi Mwanajuma na mwosha wa mtaa. Alikuwa amefunikwa nguo ya stara kutoka kitovuni mpaka magotini. Tulipokuwa tukimminya tumbo taratibu kama inavyotakiwa, nikaona mshono. Ulianza juu kidogo ya kitovu ukashuka wima mpaka ukapotelea chini ya nguo. Nimeona mishono mingi kazini. Nilijua ni wa nini, na yale maneno ya joto na jasho na moyo yalinirudia yote kwa pamoja. Mikono yangu ilisimama.

Bi Mwanajuma alinitazama.

"Kumbe hukujua?" akasema.

"Sikujua, Bi Mwanajuma. Niliona haya kumuuliza mbele yako."

"Mbele yangu?" Hakuinua sauti, hakukuwa na ukali wowote. "Mimi ndiye niliyelala naye hospitali Malindi siku kumi. Mimi ndiye niliyemfulia nguo. Yeye alikuwa akiona haya kusema, basi mara zile mbili za mwanzo ulipokuja nami nilikaa pale pale, nikingoja uulize nikwambie mimi."

Yeye alikuwa akichovya kata kwenye maji ya majani ya mkunazi.

"Ukawa huulizi," akasema. "Nikasema huyu ni mwenye elimu yake. Ikiwa haulizi, basi si jambo."

Akanipa ile kata, akaniambia nianze upande wa kulia, nami nikamimina.